Migebuka Wawili wa Mapokezi

Miaka yote niliyofundisha shule ya msingi nilichora zana za kufundishia, zangu na za walimu wenzangu: moyo wa ng'ombe, safari ya mvua, mmea wa mahindi tangu mbegu hadi gunzi. Nilichora kwenye viroba vya mbolea vilivyofuliwa, kwa sababu karatasi ya manila huliwa na panya. Nyumbani nilichora kuku. Hakuna aliyewahi kununua picha yangu, na mimi sikuwahi kumwambia mtu kwamba zinauzwa. Hilo la pili ndilo ninalowaeleza kwanza wanaonijia kuuliza namna ya kuanza. Mtu hanunui kitu asichojua kwamba kinauzwa.

Nilipostaafu, nilimwomba mume wangu chumba cha stoo, tunamohifadhi mahindi hapa Mollo. Alifikiri siku mbili.

"Kwa sasa kiko wazi, kaa," alisema. "Lakini mahindi mapya yakifika hujauza hata picha moja, unatoka."

"Natoka kwenda wapi?"

"Jikoni. Kuna joto."

Sikumlaumu. Chumba chenye bati zima hakikai bure kwa ajili ya kuku wa kuchora. Nikaandika tangazo, nikaomba libandikwe kwenye duka la mashuka mjini.

Mahindi yalikuwa yameanza kukauka shambani alipokuja mteja wa kwanza, mama mwenye nyumba ya wageni kule Kipili, ziwani. Alikuwa amefuata mashuka.

"Shikamoo mwalimu. Nataka picha ya samaki, migebuka wawili, niweke mapokezi. Mgeni akiingia ajue amefika ziwani."

Watoto niliwafundisha kanuni moja: chora unachokiona, usichore unachokikumbuka. Kwa hiyo nilikwenda soko la Sumbawanga, nikachagua migebuka wawili wazuri, nikawatundika kwenye msumari, nikachora siku tatu. Hakuna mwiba nilioukosa. Kuwazunguka nikapaka maji ya buluu na viputo vya hewa. Siku ya nne mume wangu aliwala wale wa kwenye msumari kwa ugali wa ulezi, akasema wa kwenye picha wamefanana nao kabisa. Nilifurahi.

Mteja alirudi, akaisogelea picha.

"Mwalimu, hawa wamepasuliwa."

"Ndiyo."

"Wamepasuliwa, wamekaushwa, macho hawana. Halafu wanaogelea."

Nikatazama. Alikuwa amesema kweli. Mimi nimezaliwa huku juu penye baridi. Mgebuka namfahamu tangu utotoni, ila siku zote tumekutana akiwa ameshamaliza mambo yake.

"Nipe wiki mbili," nilisema.

"Wiki moja. Na wawe hai, mwalimu, nakuomba."

Mume wangu alikuwa ameanza kuvuna. Kesho yake nikapanda basi la Kipili.

Asubuhi wavuvi walipofika, nilikuwa nimekalia ndoo ufukweni, penseli za rangi mkononi. Mgebuka akitoka majini anang'aa kama sufuria mpya, kisha ule mng'ao unamwondoka huku wewe ukimtazama. Lazima uanze na rangi, umbo litafuata. Maisha yangu yote nilikuwa nimefundisha kinyume chake, na ninawaomba radhi wanafunzi wangu, ambao baadhi yao sasa wana wajukuu. Mvuvi mmoja akanisimamia kichwani.

"Mama, unanunua, au unamwandikia rambirambi?"

"Namchora."

"Basi mchore haraka. Wenzio mafuta yameshachemka."

Nilirudi na kurasa kumi na moja za rangi tupu, nikafunga mlango wa stoo na kuanza upya. Siku ya saba mteja alifika.

"Hawa wamo majini," alisema, akafungua mkoba, akalipa.

Jioni hiyohiyo mkokoteni wa ng'ombe uliingia uani na magunia ya kwanza. Mume wangu alichungulia stoo, akaona ukuta mtupu.

"Imekwenda?"

"Imekwenda."

Akamgeukia mwenye mkokoteni. "Magunia weka sebuleni."

Hadi leo yako sebuleni, na mgeni akija tunamkaribisha palepale aliposimama. Ile picha ya kwanza nilitaka kuifuta kwa rangi nyeupe nitumie kitambaa chake tena, kwa sababu kitambaa kizuri hakitupwi. Mume wangu akakataa, akaitundika juu ya magunia. Majirani wakiiona wanatikisa kichwa na kusema mgebuka ndiye huyo, hajapungua kitu. Wiki iliyopita mama mmoja muuza samaki wa pale sokoni ameniagiza kama hiyo, kubwa zaidi, ya kutundika mbele ya meza yake. Ameniambia mara mbili, ili nisisahau: bila maji.