Mail ya Wafanyakazi Iliyofika kwa Wagonjwa

Hii habari siipendi kuisimulia, uso unaniwaka mpaka leo, lakini heri muisikie kwangu kuliko kwa watu wa mtaa wa Kimanga, maana wao wataongeza chumvi (na kusema kweli haihitaji chumvi).

Ninafanya kazi kwenye kliniki moja ndogo, mapokezi ni mimi, matangazo ni mimi, mail ni mimi. Siku hiyo Daktari Espérance, mwenye kliniki, alitaka niwatangazie wagonjwa mashine mpya ya ekografi, ile ya kupiga picha za tumboni, na niwaandikie wafanyakazi kuhusu mkutano. Mega zangu za intaneti zilikuwa zinaisha, mtandao unakuja na kuondoka, basi nikajiambia, kwa nini nihangaike na makundi mawili? Nikaweka anwani zote pamoja, manesi, walimu, wachungaji, watu wa mashirika, kila aliyewahi kutuachia mail yake, nikajisifu (ndiyo, nilijisifu) kwamba nimerahisisha kazi.

Kesho yake Daktari akaniambia niwajulishe wafanyakazi kwamba Mama Riziki wa Makobola, muuza visamaki vya ndagala, hakuja kuchukua dawa zake za kifua kikuu, anayejua kwake amtafute haraka, dawa hizo hazikatizwi. Nikaandika vyote, jina, kijiji, biashara, ugonjwa, nikatuma kwenye kundi lile lile, nikaenda kunywa chai.

Niliporudi nikakuta majibu. La kwanza lilitoka kwa mchungaji mmoja wa Songo, akisema kanisa litamwombea Mama Riziki, na alikuwa amewajibu wote. Nikashangaa, mchungaji amejuaje? (Akili ilikuwa bado kwenye chai.) Mwalimu mmoja akaandika pole. Mwingine akauliza kama ekografi inaona kifua. Hapo ndipo nikaelewa kwamba barua ya wafanyakazi imefika kwa wagonjwa wote. Hakuna aliyetukana, na wema wao ndio ulioniumiza zaidi. Nikaharakisha kuandika kwamba tafadhali msisome barua iliyopita, na mnajua wenyewe jinsi watu tulivyo, hata waliokuwa hawajaifungua wakaifungua.

Daktari hakupaza sauti. Alifunga mlango, akanipa dawa za Mama Riziki, akasema nizipeleke mwenyewe kukicha, na nisiende na uongo.

Nikapanda pikipiki mpaka Makobola, njia nzima napanga maneno. Nilimkuta amekaa mbele ya nyumba yake, beseni la ndagala limejaa pembeni, saa ambayo alipaswa kuwa sokoni. Nikajua habari imenitangulia. Nikamwambia mimi ni nani na nimefanya nini.

"Njo weye uliandika ile barua?" akauliza, yaani kama ndiye mimi.

"Ni minye, mama."

"Minye sina hata simu ya kufungua mail," akasema taratibu. "Lakini jana wateja walinipita, wakaenda kununua kwa jirani." Akafukuza nzi kwenye beseni. "Unajua juu ya nini sikukuja kuchukua dawa? Niliogopa watu wanione pale kwenu. Sasa wameniona bila kuja."

Nikakaa chini kando ya beseni lake. Baadaye nikamweleza alivyosema Daktari, kwamba ugonjwa huu unapona, na kwamba akimeza dawa vizuri hatamwambukiza mtu, nikamwekea kifurushi mkononi. Hakumeza mbele yangu, na sikuthubutu kumbembeleza.

Juma lililofuata akaja kliniki, akapita mlango wa nyuma, nami nikampokea bila kutaja jina lake. Aliendelea hivyo mpaka akamaliza matibabu. Wateja walirudi mmoja mmoja, wengine hawakurudi. Mimi ndagala ninanunua kwake tu (mwanzoni kwa aibu, sasa kwa sababu ni tamu).

Siku aliyopewa habari kwamba amepona, nikamwomba msamaha tena.

"Weye nilishakusamehe," akasema. "Ni soko njo iko bado kukusamehe."

Tangu hapo kliniki ina anwani yake ya matangazo, na nyingine ya wafanyakazi peke yao, na jina la mgonjwa halipiti katika yoyote kati ya hizo, linasemwa mdomo kwa sikio, mlango umefungwa. Na kabla sijatuma kitu nasoma anwani moja moja, najiuliza: huyu, tukikutana barabarani, ningemwambia haya? Nikisita hata kidogo, kidole nakirudisha.