Saa ya Mke Wangu na Fundi wa Maisaka

Ilikuwa mwaka 2021; hapana, 2022, maana mke wangu alikuwa ameshafariki na saa yake imesimama. Fundi saa wa mtaa wetu wa Maisaka huinama kutwa, lenzi jichoni, akipuliza vumbi kama anayepoza uji wa mtoto. Harudishi saa mpaka aipime kwa kile kituo cha angani wanamoishi watu. Simu yake humwambia dakika kitakayopita. Jioni niliyoifuata ile ya mke wangu alisema, "Mzee wangu, ikifika saa moja na dakika kumi na mbili, tazama juu ya mlima Kwaraa." Mshale ukafika, na nuru ikatokea, ikapita taratibu bila kumetameta. "Inatembea," akasema, akinifunga saa mkononi. Kumbe alishautoboa mkanda tundu jipya, unitoshe mimi. Nilimshukuru mpaka akaona haya. Nikauliza, na bado nauliza: wale walioko kule juu, wanafuata saa ya wapi?