Njia ya Nyuma ya Duka la Mama Zuhura

Nakumbuka siku moja ya Desemba kuliko sikukuu zote nilizowahi kula, maana ndiyo siku niliyonyimwa kitambaa cha kukopa katika duka nililonunulia miaka nenda miaka rudi. Kaa hapo, mwanangu, nikusimulie. Jana ulirudi kutoka mjini umenuna, chai hukunywa, ukasema umenyimwa mkopo wa mashine ya kuchomelea milango kwa sababu alama zako ziko chini. Ukaniuliza mimi bibi yako, "Susu, kwani mimi ni mwanafunzi, wanipe alama?" Sikukujibu kwa sababu ulikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira husikia nusu nusu. Leo umelala na umekula, kwa hiyo tuongee.

Miaka ile ya tisini nilikuwa fundi cherehani hapa Machakos, kwenye kibaraza cha duka la sukari na mafuta. Cherehani ilikuwa yangu, lakini chumba sikuwa nacho. Nililala kwa rafiki, tumebanana, na kwa sababu hiyo Mumbua, mama yako, nilimwacha kule Wamunyu kwa mama yangu. Kila nilipokwenda kumwona aliniuliza jambo moja tu: "Leo tunaenda na wewe?" Nami nikamwambia bado. Lile neno liliniuma kila mara nilipolisema.

Basi Desemba hiyo mwalimu mkuu wa shule moja upande wa Muthetheni akaniletea kazi. Alitaka sare za shule nzima, ziwe tayari Januari, na malipo baada ya kuzipokea. Nikaanza kukiona chumba, nikaona na kitanda, nikamwona Mumbua ameketi mlangoni ananingoja. Kilichonikosesha usingizi kilikuwa kitambaa.

Nikaenda kwa Mama Zuhura. Wewe hukumjua. Watu wao walitoka pwani zamani wakafanya makao hapa mjini, karibu na msikiti, naye akauza vitambaa maisha yake yote. Alikuwa mama mnene, si wa maneno mengi, na alipokuwa akipima kitambaa macho yake yalikuwa usoni pako.

"Mama, niko na kazi ya shule," nikamwambia. "Nipe majora ya kitambaa, nitakulipa shule ikilipa."

"Siwezi, mwanangu. Sikujui."

Nilidhani ananitania. "Si mimi nanunua hapa kila wiki? Na sina deni ya mtu, hapa wala Wamunyu."

"Kweli. Nakujua ukinunua," akasema. "Ukidaiwa sikujui."

Ilinikata maini. Baba yangu aliwahi kuchukuliwa mbuzi kwa deni la dukani, nami nikaapa kwamba sitakopa maishani. Niliuvaa ule usafi wangu kama kanga mpya. Kumbe mtu asiyewahi kudaiwa hajaonyesha lolote, zuri wala baya, na mwenye duka hana pa kumshikia. Sikwambii ukope ovyo, usije ukamwambia mama yako kwamba susu amekutuma.

Mama Zuhura akanikatia kitambaa cha sketi chache, nilipe Jumamosi. "Tuanzie hapo," akasema. Lakini mimi nilikuwa na haraka ya mtoto wangu. Nikatoka pale nikaingia duka la pili, nikaingia la tatu, mpaka mwisho wa mtaa, kote naeleza kazi ileile na kuomba majora yaleyale. Sikujua kwamba wenye maduka wale hunywa chai pamoja kila alasiri. Kufikia jioni wote walikuwa na habari zangu, na wote wakaniogopa. Mzee mmoja aliniuliza kwa upole, "Kama hiyo kazi ni nzuri, mbona unazunguka nayo mji mzima?" Sikuwa tapeli, mwanangu, nilikuwa mama mwenye haraka, lakini kwa mtu anayekutazama kutoka ng'ambo ya meza huwezi kuonekana tofauti.

Kwa kile kitambaa kidogo cha Mama Zuhura nikashona sketi za darasa la kwanza peke yake. Kazi iliyobaki ilikwenda kwa fundi mwingine, na mama yako akabaki Wamunyu mwaka mwingine mzima. Meno yake ya utoto yaling'oka mimi sipo.

Ila Jumamosi nilikwenda kumlipa Mama Zuhura. Akanipa kitambaa kingine, nikalipa tena. Akaongeza kidogo kidogo, mpaka ikafika wakati akaniruhusu kuchukua majora matatu kwa mwezi. Kila mwezi nilibeba yote matatu, na siku moja akaniuliza, "Nikikuruhusu matatu, lazima uyamalize yote? Ukiumwa utashika wapi?" Tangu hapo nikawa nachukua moja, mara mojamoja mawili. Ajabu ni kwamba kadiri nilivyochukua kidogo, ndivyo alivyokuwa tayari kunipa zaidi.

Halafu shule moja ikachelewa kunilipa. Siku ya kumlipa Mama Zuhura ikafika, sina kitu. Unajua nilifanya nini? Niliacha kupita barabara ya maduka. Nikawa nazunguka nyuma, njia ya mashine ya kusaga unga, nimejifunika leso kichwani, natoka upande wa pili mweupe kwa vumbi la unga. Niliona nimekuwa mjanja sana. Nikaendelea hivyo mpaka asubuhi niliyomkuta amesimama palepale kwenye mashine ya unga, kikapu mkononi.

"Habari ya huku nyuma?" akasema.

Nikaivuta leso usoni. Nilitamani ardhi inimeze.

"Mwende," akaniita kwa jina, "watu wananicheleweshea malipo kila siku, nimezoea. Deni lako halikunitisha. Hii njia ndiyo imenitisha." Akanishika mkono. "Una ngapi hapo?"

Nilikuwa na kidogo sana, fedha ya unga. Akachukua nusu, nusu akaniachia nikale, akaniuliza zingine nitaleta lini. Nikamtajia siku. Siku hiyo nilipita barabara ya mbele, nikaingia dukani kwake nikalipa.

Desemba iliyofuata yule mwalimu mkuu alirudi na kazi ileile. Mwenye duka la mwisho wa mtaa alimuuliza Mama Zuhura habari zangu mbele ya wenzake, wakinywa hiyo chai yao. Akasema, "Amewahi kuchelewa. Akataja siku, akaja akalipa." Hakuongeza kitu, na hayo yakatosha. Nilipewa kitambaa cha shule nzima, na mwezi wa pili nikaenda Wamunyu kumchukua mama yako. Safari hiyo hakuniuliza. Alitazama tu mfuko mtupu nilioshika wa kutilia nguo zake, akaenda kuleta viatu vyake.

Sasa tuje kwako, mwanangu. Siku hizi ile chai ya alasiri inanywewa ndani ya kompyuta. Wakopeshaji wanaambizana kule kama walivyoambizana akina Mama Zuhura, na wanaulizana mambo yaleyale. Unalipa siku uliyosema? Umejulikana kwa muda gani? Unachoruhusiwa, unakikausha chote? Mbona juma hili umebisha milango mingi? Hizo ndizo alama zako, mwanangu, na hakuna aliyekaa mahali akakuchukia.

Nawe najua ulichofanya, maana mama yako kaniambia. Ulikopa vijisenti kwa simu, kazi ikakauka kule Katelembo, wakaanza kukupigia, ukatoa laini ukanunua nyingine. Sikucheki wala sikulaumu. Ulikuwa na njaa na aibu, na mimi hizo zote mbili nazijua. Ila laini mpya ni ile njia yangu ya mashine ya unga, na unga bado uko kwenye nguo zako.

Kwa hiyo fanya hivi. Irudishe ile laini. Wapigie wewe kabla hawajakupigia, useme unacho kiasi gani leo na kilichobaki utaleta lini, na ukitaja siku, ifike ikukute umelipa. Omba taarifa yako ya mikopo uisome mwenyewe, kwa sababu hata kompyuta humwandikia mtu deni asilokopa, na hilo una haki ya kulikataa. Usikimbilie mkopeshaji mwingine mwezi huu, wala usikubali kumdhamini rafiki kwa sababu tu umeona haya kumwambia hapana. Anza na kidogo, ulipe, uache miezi ipite. Alama hazipandi kwa siku moja, lakini zinapanda, nimeziona zikipanda. Ile mashine ya kuchomelea utaipata, pengine si mwaka huu.

Mungu akuongoze, mwanangu. Akupe kazi ya mikono yako na wateja wanaolipa. Akujalie kupita barabara ya mbele mchana kweupe, usimame kila mlango usalimie, na usiwe na njia hata moja hapa Machakos unayoiogopa. Haya, leta hiyo simu hapa, tuwapigie pamoja.