Chaki za Bwana Elimu

Wasomaji, mnisamehe kwa mwandiko huu na herufi nilizokosea. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu ni mzito.

Kijijini kwetu Matombo nilifundisha kisomo cha watu wazima. Mkubwa wangu wa kazi, Bwana Elimu, alijua nina haya. Siku za kwanza alikaa dawatini pamoja na wazee, akisoma vibaya makusudi, ili wamcheke yeye badala yangu. Hata hivyo, nilipokosea neno ubaoni mbele ya wageni wa wilaya, nilitoroka na chaki mfukoni, nikajificha kwa shangazi huko mlimani wiki mbili.

Niliporudi kuomba kazi yangu, uani kwake palijaa watu. Nikadhani ni mkutano. Kama kawaida yangu, sikuinua macho. Niliona makatambuga yake ya matairi na pindo la koti lake la kaki, nikapiga magoti.

"Shikamoo, Bwana Elimu. Nisamehe, nilikimbia darasa."

"Marahaba. Na chaki za kijiji umezila?"

Watu wakaangua kicheko. Nikafurahi, nikajua nimesamehewa.

"Hapana, hizi hapa," nikasema, nikazitoa.

Kicheko kikakatika. Mama mmoja akaanza kulia. Ndipo nikainua macho. Aliyevaa koti alikuwa mtani wake, akimwigiza marehemu kama watani wafanyavyo msibani.

"Mwanangu," mtani huyo akaninong'oneza, "tumemzika jana."

Chaki bado ninazo. Ndugu wasomaji, niandikieni mnieleze: mtani akiitikia kwa niaba ya marehemu, samahani yangu imemfika?