Wimbo wa Unga Wenye Mchanga

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, zama za Mjerumani, nimepiga magoti kwenye jiwe langu nasaga uwele, na sauti yangu inapasua ukuta. Nilikuwa na majuma matatu tu tangu nibatizwe. Mwalimu Danieli, mzee wetu wa misheni, alinipa jina la Miriamu, yule dada wa Musa aliyepiga tari na kuimba, kwa sababu kila mtu wa upande ule alijua kwamba nina koo. Nami nililipokea jina kwa furaha. Sikuwa mtu wa kukataa sifa.

Ninyi wa siku hizi mna mashine za kusagia, hamjui utamu wa jiwe. Zamani mwanamke alisaga huku akiimba, na katika wimbo wa kusagia ilikuwa ruhusa kusema yote ambayo huwezi kuyasema umekaa na watu. Mume mvivu aliimbwa. Mama mkwe mchoyo aliimbwa. Hakuna aliyeweza kukushitaki, maana wewe ulikuwa unasaga tu. Na mimi niliyemwimba kila siku alikuwa wifi yangu Mbeleje.

Mbeleje alikuwa dada wa mume wangu Yohana. Alikuwa mjane, na tuliishi naye katika tembe moja, ukuta mmoja wa udongo kati yetu. Mpole, maneno yake machache. Lakini kusaga, mwanangu, hakujua. Jiwe likishagongwa upya ili lipate meno, sharti ulioshe mpaka vumbi lote litoke. Yeye alilipangusa kwa kiganja, akaanza kazi. Unga wake ulikuwa na mchanga. Na njia ya kwenda Bahi ni mchanga mtupu, basi nikatunga:

Mbeleje anapika nini?
Anapika njia ya Bahi.
Ukila, uyaage meno,
hamtaonana tena.

Sasa sikia kosa lenyewe. Maneno hayo niliyaweka katika sauti ya tenzi ya kanisani, ile tuliyoimba kila Jumapili. Sauti ilikuwa nzuri, nami nikaona isikae bure siku sita. Bibi Mzungu wa misheni, ambaye Kigogo chake kilikuwa bado kinatambaa, alipita asubuhi ile akasimama nje kusikiliza. Akafurahi sana, akasema Miriamu anamsifu Mungu hata jiweni. Nusura nipaliwe kwa kicheko.

Bahati mbaya Mwalimu Danieli alikuwa naye, na Mwalimu alizaliwa hapo hapo. Alimwacha mgeni atangulie, akainama mlangoni.

"Mbukwa, Miriamu."

"Mbukwa, Mwalimu. Nasaga tu."

"Nimesikia. Mwanangu, maji ya ubatizo yalikulowesha kichwa. Ulimi naona ulibaki mkavu."

Akaenda zake. Unadhani nilitubu? Nilikwenda kuwasimulia wenzangu kisimani kama kichekesho. Na wimbo ulikuwa umekwisha kutoka mikononi mwangu. Wachunga mbuzi waliuimba, wachota maji waliuimba. Mbeleje, ambaye naye alikuwa akijifunza ili abatizwe, akaacha kuja misheni. Nikasema moyoni kwamba imani yake ilikuwa haba. Ndivyo nilivyokuwa, mwanangu, na sikufichi.

Mwaka ule mvua zilitukimbia. Yohana alichukuliwa pamoja na wanaume wengine kwenda kujenga reli ya Mjerumani iliyokuwa inakuja kutoka pwani. Nikabaki na Samweli, mwanangu wa kwanza, ndio kwanza anaota meno, na uwele usiofika nusu ya lindo, kihenge chetu cha nafaka. Nilijiambia, nikisaga kidogo kidogo tutafika.

Basi siku moja nagonga jiwe kulitia meno, nikakigonga kidole gumba changu. Kidole kikavimba, mkono ukafuata, homa ikanilaza. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Na mimi niliona kwamba mkono mmoja hausagi hata konzi. Chakula kilikuwamo ndani, na hatukuweza kukila. Nilimtafunia Samweli uwele mkavu, akautema. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Niliogopa sana, mwanangu. Niliwaza kwamba Yohana atarudi akute kaburi dogo nyuma ya tembe.

Ukuta ulikuwa pale pale. Ningeubisha mara moja tu, Mbeleje angesikia. Sikuubisha. Ningemwita kwa uso gani? Mcheka kilema hafi bila kumfika, na mimi kilikuwa kimenifika.

Asubuhi ya tatu akaingia mwenyewe.

"Wifi, jiwe lako limenyamaza tangu juzi. Nikajua hapa kuna jambo."

Akauona mkono. "Yayagwe!" akashtuka. Alichota uwele, akapiga magoti kwenye jiwe langu, akasaga. Akasonga ugali, akapika mlenda, akamlisha Samweli taratibu mpaka mtoto akalala na tonge mkononi. Kisha akanilisha mimi. Na mchanga ulikuwamo, sitakudanganya. Uligonga menoni kama vile wimbo wangu ulivyosema. Sijapata kula ugali mtamu kama ule maisha yangu yote.

Alikuja kila siku mpaka mwezi ukaandama. Aliukanda mkono wangu kwa maji ya moto, akasaga, akapika. Lakini alisaga kimya, nami sikuwahi kuona mwanamke akisaga kimya. Hatimaye nikamwuliza, "Wifi, mbona huimbi?"

Aliendelea kusaga kwanza.

"Niimbe upi, Miriamu? Huo wako umeziba zote. Hata kanisani, mlipoanza ile tenzi, mimi nilisikia njia ya Bahi. Nikadhani hata Mungu ananiimba."

Mwanangu, homa ya mkono haikuwa kitu. Nilimfungia mtu mlango wa nyumba ya Mungu kwa sauti ile ile niliyobatiziwa. Nililia mbele yake, nikamwomba radhi. Yeye akasema, "Haya, kula kwanza, ugali unapoa." Siku ile sikumwomba Mungu aniponye kidole. Nilimwomba anishughulikie ulimi.

Lakini wimbo utaurudishaje? Maji yakimwagika hayazoleki. Mkono ulipopona, na kidole kikabaki kimepinda, kitazame hiki hapa, nilipiga magoti jiweni nikaimba kwa sauti ile ile ya tenzi:

Jiwe langu liliponyamaza,
nani alilisikia?
Mbeleje alilisikia,
mtoto wangu akashiba.

Kisha nikaenda kisimani, nikasimama mbele ya wanawake wote waliocheka pamoja nami, nikawaeleza nilichofanya na nilichofanyiwa, nikauimba. Wengine waliinama. Wachunga mbuzi walishikilia ule wa zamani, maana ulikuwa na chumvi, mpaka nilipowafundisha huu mpya na kuwapa sehemu ya kuitikia kwa makofi. Na usidhani nilibadilika kwa siku moja. Maneno makali yaliendelea kunijia, mengine mazuri kweli kweli, nikayameza. Yalikuwa na mchanga nayo.

Mvua ziliponyesha, uwele ulisimama shambani mpaka kiunoni. Yohana alirudi amekonda kama ufito, akatukuta mimi na dada yake tunatumia jiwe kwa zamu. Asubuhi moja nipo jiweni naimba wimbo wangu, nikasikia ng'ambo ya ukuta sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikiimba. Ilikuwa ya Mbeleje:

Na mchanga je, Miriamu,
umekwisha kuusahau?

Nilicheka mpaka unga ukamwagika. Naye kule nilimsikia akicheka, mtu mzima, mpaka anakohoa. Samweli akacheka pia bila kujua sababu.

Jumapili iliyofuata alikuja kanisani. Tenzi ile ilipoanza, mimi sikuweza kuimba. Nilimtazama yeye tu. Akageuka, akaniona, akatabasamu, kisha akaimba maneno yenyewe, yale ya Bwana, mpaka mwisho. Tulipotoka, Mwalimu Danieli alitushika mikono wote wawili.

"Miriamu," akasema, "naona maji yamefika."

Basi mwanangu, nasaha yangu ndiyo hiyo. Kubatizwa ni asubuhi moja, kubadilika ni kazi ya kila siku. Shida ikikujia usiulize tu itaondoka lini. Iulize imekuja kulowesha mahali gani pakavu. Na uliyemkosea, umtengeneze hadharani kama ulivyomharibu hadharani, hata kama itakuchukua mwaka mzima wa kuimba.

Nenda na baraka zangu. Mungu akupe mvua kwa wakati wake na uwele wa kujaza lindo. Akupe kinywa kitakachomfungulia mtu mlango. Na siku jiwe lako litakaponyamaza, asikose ng'ambo ya ukuta mtu wa kulisikia.