Sista Taratibu na Ukuta Unaofutika

Mara ya mwisho ulichezea rangi lini? Usinitajie siku uliyopaka geti la nyumba yako. Nasema kuchezea: kumwaga rangi bila kujua itaelekea wapi, kisha kubaki unaitazama mdomo wazi. Watu wengi niliowauliza swali hili wameniangalia kama nimewauliza waliacha lini kunyonya kidole. Shangazi yangu alijibu bila kufikiri: "Leo asubuhi, kabla ya chai."

Shangazi ni muuguzi. Kazi yake ni chumba cha vidonda, kile chumba cha mwisho wa korido ambacho watu hukifikia wakichechemea. Mwenye jipu, aliyekatwa na bati, aliyemwagikiwa uji wa moto, wote hupita mikononi mwake. Wenzake wanamwita Sista Taratibu, kwa sababu akibandua bendeji husema neno hilo kwa sauti ya chini, taratibu, taratibu, hata hujui anamtuliza mgonjwa au anajituliza mwenyewe. Ni mnene kiasi, miwani yake inaning'inia kifuani kwa uzi, na kicheko chake huanzia tumboni na kuchukua muda wake kufika mdomoni.

Mambo ya rangi yalimwanzia kazini. Alikuwa ameandika jina la chumba kwenye trei ya plastiki kwa ile kalamu nene ya kuandikia maboksi, akakosea, akachukua pamba yenye spiriti ili afute. Wino haukufutika. Ulilegea, ukatambaa, ukachanua kama ua: katikati zambarau, pembeni buluu, na ukingo mwembamba mweusi kana kwamba mtu ameuzungushia kwa sindano. Shangazi akaongeza tone. Ua likazaa ua. Mzee aliyekuwa kwenye kiti, mguu juu, ilibidi akohoe na kumkumbusha kwamba na yeye yupo.

Tangu siku hiyo nyumba yao haikukalika. Alikusanya kalamu zilizokufa kutoka kila ofisi, akazipasua, akatoa ule utambi wa ndani na kuuloweka kwenye spiriti. Wino uliopatikana aliutia kwenye vichupa vitupu vya dawa ya macho, maana vinadondosha tone moja moja kwa adabu. Na kwa kuwa spiriti inashika moto haraka kuliko mtu mwenye hasira, akifanya kazi zake mezani madirisha yote hufunguliwa na jiko haliwashwi. Mumewe ni fundi makochi, mtu wa maneno mengi na misumari mdomoni. Akirudi na njaa na kukuta jiko baridi, hukaa na kuuliza leo tunakula buluu au tunakula kijani.

Majaribio ya mwanzo yalikuwa aibu tupu. Kwenye karatasi ya kawaida wino ulizama palepale ukawa doa, kama chai iliyomwagika. Kwenye kalenda inayong'aa ulitembea kidogo ukachoka. Mimi ndiye niliyempelekea zile karatasi nyeupe za plastiki ngumu tunazofungia ripoti chuoni. Alidondosha tone la kijani, akadondosha spiriti tupu juu yake, akapuliza kwa mrija, na rangi zikaanza kukimbizana kwenye karatasi kama watoto waliofunguliwa mlango. Alizipulizia draya ya nywele, zikaganda. Alisogeza kiti chake karibu na meza, na kwa namna fulani hajawahi kukiondoa.

Hakuishia kwenye kumwaga. Alizikata karatasi hizo kwa mkasi wake mdogo zikawa samaki, majani, mabawa. Alikunja makasha ya bendeji kuwa matete. Foili za vidonge alizisugua kwa mgongo wa kijiko hadi zikalainika, akazikata ziwe magamba. Kwa mumewe alichukua vipande vya ngozi ya kochi na ule uzi mnene, akavishona juu ya karatasi. Mumewe alilalamika kwamba kuna kochi la mteja liko uchi nyuma kwa ajili ya mkia wa samaki. Lakini nilimwona mwenyewe akimchagulia uzi unaolingana na rangi.

Sasa nikuambie kuhusu ukuta. Nje ya chumba cha vidonda kuna benchi, na mbele ya benchi kuna ukuta wenye rangi ya chai iliyopoa. Watoto hukaa pale wakisubiri. Hawana cha kutazama, kwa hiyo wanasikiliza, na wanachosikia ni mwenzao anayelia ndani. Wakiitwa wameshaanza kulia tangu benchini. Bingwa wao alikuwa msichana mdogo mwenye kidonda cha muundi ambacho kilikuwa kikichukua muda kupona. Walimwita Honi, kwa kuwa akianza kulia hata mlinzi wa getini alijua zamu ya mtoto huyo imefika. Honi alikuwa akikunja ngumi mbili, akikaza mwili mzima kama ubao, na kadiri alivyokaza ndivyo bendeji ilivyomuuma. Shangazi alirudi nyumbani siku za Honi akiwa hana kicheko.

Nami huwa nawaka nikifikiria jambo hili. Ni nani aliyeamua kwamba mgonjwa hana macho? Ni nani aliyekaa ofisini akaandika kwamba maskini akiumwa atazame chai iliyopoa? Shangazi hakuwa na hotuba. Alitaka kitu kimoja: ukuta ule uwape watoto pa kuweka macho, ili aweze kumfungua Honi kidonda bila kumtesa.

Alimwendea Matroni. Matroni ni mwanamke mrefu, mkimya, ambaye vumbi likimwona linajiondoa lenyewe. Alisema ukuta wa hospitali ni lazima ufutike, na picha za karatasi hazifutiki. Shangazi akampelekea kipande cha majaribio. Matroni akakisugua kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, mbele, nyuma, kwa kucha. Rangi haikutoka hata chembe. Akasema sawa, lakini ikichafuka inashuka.

Tulitengeneza picha ya bwawa. Fundi, mume wa Shangazi, alitoa ubao na kuuviringisha pembe. Juu kulikuwa na matete, ndege na jua la ngozi ya kochi. Chini, mahali ambapo mkono wa mtoto unafika, maji matupu ya buluu na kijani, karatasi kubwa zilizounganishwa, na samaki wa magamba ya foili wakipita. Siku lilipotundikwa, wauguzi wa wodi nyingine walikuja kwa visingizio. Mmoja alidai anatafuta mkasi.

Siku iliyofuata maji yalikuwa na mabaka. Madoa meupe, mengine kama kidole, mengine kama kiganja kizima kilichoburuzwa. Fundi akatoa hukumu yake kwamba wino wa kuokoteza ndivyo ulivyo. Mimi nilishuku hujuma. Shangazi aliacha mlango wake wazi akawa anachungulia benchi huku anafunga bendeji. Akaja mama na mwanawe. Wakasimama mlangoni pa korido, mahali ambapo kila anayeingia lazima abonyeze kile kichupa cha sanitaiza kilichobandikwa ukutani. Mtoto akasugua mikono, akakimbia moja kwa moja kwenye bwawa akampapasa samaki. Samaki akabaki na shavu jeupe.

"Jamani," Shangazi alisema. "Sanitaiza ni spiriti."

Yeye na Matroni wamejipaka kitu kile kila siku ya kazi yao, hadi kimekuwa kama ngozi tu. Walijaribu maji, wakajaribu sabuni, wakajaribu kucha. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekumbuka kilichokuwa mikononi mwake wakati huohuo. Shangazi alicheka hadi akashika meza. Matroni, aliyeitwa kuja kuona, hakucheka. Alitazama mabaka, akatazama vidole vya mtoto vilivyokuwa vya kijani, akasema kesho asubuhi mtu wa matengenezo atakuja na bisibisi.

Nilifika jioni ile zamu ilipokuwa inaisha, na Fundi akafika na koleo lake, maana hakutaka mtu mwingine aung'oe ubao wake. Benchi lilikuwa tupu. Nilipoambiwa habari nilisimama katikati ya chumba cha vidonda nikaanza kuhutubu huku nikirusha mikono. Nilisema tutaandika, tutakusanya saini, tutakwenda hadi juu, kwamba uzuri si anasa bali ni haki ya kila aliye na jicho. Nilikuwa nimefika kwenye wajibu wa taifa kwa mtoto mgonjwa pale Shangazi aliponivuta shati.

"Baba, kaa chini. Unanipepea tu."

"Mwache," Fundi akasema. "Chumba kina joto."

Shangazi alikuwa amebandua karatasi moja ya maji na kuiinua mbele ya dirisha. Alivaa miwani. Nilidhani anaomboleza. Kumbe alikuwa anahesabu jambo jingine. Kila alama ya kidole ilikuwa imesukuma wino pembeni ukajenga duara, lenye ukingo mweusi mwembamba, na ndani yake weupe unaoelekea buluu. Ukiacha kuziita mabaka, zilikuwa mapovu. Bwawa lilikuwa limeanza kupumua.

"Nimehangaika mwezi mzima natafuta namna ya kuigandisha rangi isitembee," alisema polepole. "Nani alinituma?"

Akaiviringisha karatasi ile, akaiweka kwapani, akaenda ofisini kwa Matroni. Sisi tulimfuata kama wapambe, tukabaki mlangoni. Alimwambia kwamba yeye Matroni ndiye aliyetaka ukuta unaofutika, na huu hapa ni ukuta unaofutwa kwa spiriti kuanzia asubuhi hadi jioni, na wanaoufuta ni watoto wenyewe, tena kwa furaha. Maji yakijaa alama, yeye Shangazi atapitisha pamba, atadondosha wino mpya, na bwawa litaanza upya. Ukuta gani mwingine wa hospitali hii unasafishwa hivyo?

Matroni aliuliza kuhusu vidole vya kijani. Shangazi akasema pamba ileile yenye spiriti inavitoa, na sabuni inafuata. Matroni akauliza kama watoto watakuwa wanajazana ukutani badala ya kukaa. Shangazi akasema ndiyo, labda, na kwamba anaomba wajazane. Nilifungua kinywa, Fundi akanikanyaga.

"Bisibisi haijafutwa," Matroni alisema. "Nitakuja kuona mwenyewe asubuhi. Nani wa kwanza kesho?"

Shangazi akashusha pumzi. "Honi."

Nyumbani, usiku ule pia jiko halikuwashwa. Tulikula mkate mkavu na ndizi huku tukipuliza mirija, watu wazima watatu mashavu yamevimba kama wapiga tarumbeta. Nilijifunza kwamba ukipuliza kwa hasira wino hutawanyika ukawa takataka. Inabidi upumue tu. Fundi alijifunza haraka kuliko mimi na hakunificha. Alitengeneza karatasi moja ya kijani iliyokolea, yenye mkondo mweupe ukipita katikati, akaitazama kwa muda, kisha akauliza kwa sauti ya mtu asiyejali kama hiyo inaweza kukaa karibu na samaki mkubwa. Shangazi akambusu kwenye upara. Tukaondoka mezani vidole vina rangi ambazo hazina majina.

Asubuhi iliyofuata niliwasaidia kubeba karatasi, nikapata pa kusimama karibu na mlango. Mtu wa matengenezo alikuwa ameshafika, bisibisi mfukoni, ameegemea ukuta. Matroni alikuwa amesimama upande wa pili, mikono nyuma. Honi akaletwa na mama yake. Tayari ngumi zilikuwa zimekunjwa na kidevu kinatetemeka.

Badala ya kumwingiza ndani, Shangazi alitoa kigari cha vifaa akakisukuma hadi kwenye benchi. Akavaa glavu. Akamwambia Honi kwamba samaki wale wamekaa usiku kucha bila mapovu na wanahitaji mtu mwenye mikono safi, lakini mikono iliyokunjwa haiingii dawa. Honi akatazama samaki. Akatazama ngumi zake, kana kwamba ni za mtu mwingine. Mama yake akamwinua hadi kwenye kichupa, na ngumi zikafunguka.

Alibonyeza kidole cha kwanza kwenye maji. Wino ukakimbia pembeni, duara likazaliwa. Honi akavuta pumzi kwa nguvu. Mama yake akalisogeza benchi hadi ukutani, Honi akasimama juu yake, akaweka kingine, na kingine, akimfuata samaki mmoja kuelekea kwenye ule mkondo wa Fundi. Nyuma yake, Shangazi alikuwa amepiga magoti sakafuni, ameushika muundi wake, na bendeji ilikuwa inatoka. Safari hii sikusikia lile neno lake. Mguu ulikuwa umelegea wenyewe. Mlinzi alikuja kutoka getini kuuliza mbona leo kuko kimya.

Kidonda kikasafishwa, kikafungwa. Honi alijikunja mara moja tu, akasema "aa," akarudi kwenye kazi yake.

Ndipo Matroni akasogea. Alikaribia ukuta polepole, akainama, akanyoosha kidole kimoja kirefu, akakiweka juu ya maji ya kijani. Alisubiri. Hakuna kilichotokea. Akabonyeza kwa nguvu zaidi.

Honi alimtazama kutoka juu ya benchi kwa masikitiko.

"Bibi, hujapaka dawa."

Mtu wa matengenezo akatazama viatu vyake. Matroni akanyooka, akakitazama kidole chake kikavu, kisha akageuka akatembea hadi mlangoni, akabonyeza kile kichupa, akasugua mikono yake vizuri, mbele na nyuma na katikati ya vidole, kama anavyowafundisha wauguzi wake wote, akarudi akajipanga nyuma ya Honi kusubiri zamu yake.