Kidonda Asichokisikia Msusi

Msusi alikuwa amefika nusu ya kichwa cha bibi harusi mtarajiwa pale mteja huyo alipokunja pua.

"Dada, samahani. Hakuna panya aliyefia humu?"

Wakacheka. Kisha msusi akanusa mwenyewe, akaacha kucheka.

Tangu ukuta ulipomwangukia na kumvunja uti wa mgongo, hakuwa na hisia kuanzia kiunoni kwenda chini. Alisuka akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mteja ameketi mkekani mbele yake. Hospitalini walimfundisha kujiinua kwa mikono mara kwa mara ili damu ipite. Lakini harusi zilikuwa zimepamba moto, na mikono ilikuwa kwenye nywele. Sponji ya kiti nayo ilishabonyea, ngumu kama kadibodi.

Mteja alipotoka na kichwa nusu, dada mkubwa wa msusi akamlaza ubavu na kumfunua. Akainama kuangalia.

"Sema basi, dada!"

"Kuna shimo, mdogo wangu. Hapa juu ya makalio. Kidole kinaingia."

 Msusi alimkumbuka yule mama waliyelazwa naye wodi moja, aliyeingia na kidonda kama hicho akatoka amefunikwa shuka.

"Nitakufa?" akamuuliza muuguzi walipofika zahanati.

"Ukiendelea kukikalia, tutakupoteza. Kiti marufuku. Lala kifudifudi na ubavu, ugeuzwe, ule vizuri."

Muuguzi akakata nyama iliyokufa. Msusi hakusikia chochote, na hilo ndilo lililomtisha kuliko mkasi: mwili wake ungeweza kuoza huku yeye akipiga soga.

Bibi harusi alimfuata nyumbani, akaketi sakafuni kando ya kitanda. Msusi akammalizia kichwa akiwa amelala kwa tumbo.

Zikafuata homa, dawa na mayai asiyoyatamani tena. Dada alimgeuza, akamsafisha, akamtania kwa kumwita mamba, kwa vile alishinda kifudifudi. Kila bendeji ilipofunguliwa, msusi alifumba macho.

"Kimepungua?"

"Kidogo."

"Usinidanganye."

Miezi ilipita ndipo kidonda kikafunga, kikaacha ngozi nyembamba inayong'aa. Akapata mto mpya wa kiti, akarudi kazini, na sasa wateja wamezoea kusubiri anapojiinua. Ila hofu haijamtoka. Kila asubuhi, kabla hajavalishwa, dada humkagua mgongo mzima.

"Pako salama."

"Angalia tena."

"Nimeangalia, jamani."

"Angalia tena, dada."

Na dada huangalia tena.